Posa ya Taichi

Siku ile, katika ukumbi wa nyumba ya Mwalimu, Madinat Sultan Qaboos, tulikuwepo hawa: mimi, niliye mkubwa wa watoto wa marehemu baba na mama yetu, mdogo wangu wa kiume anayenifuata, amevaa kanzu mpya na kilemba kana kwamba ni asubuhi ya Idi, kitindamimba wetu wa kike, ameshika sinia ya halua, Mamkubwa, mjane wa ami yetu, ameshika chetezo cha udi pamoja na mamlaka ya siku nzima, Mwalimu mwenyewe, bibi mfupi wa Kichina mwenye nywele nyeupe zilizokatwa hadi masikioni, na mwanawe, mhandisi, mtu mzima asiye na mke, ambaye alipotufungulia mlango na kuona kilemba, sinia, chetezo na sanduku la nguo lililofungwa utepe, uso ulimbadilika rangi.

Alikuwa amekaa Maskati miaka ya kutosha kujua watu hubeba vitu hivyo wanapokwenda kuposa. Na katika nyumba ile mwanamke alikuwa mmoja tu, mama yake.

Alimvuta mdogo wangu pembeni, karibu na viatu, akamnong'oneza kwa Kiingereza. Mdogo wangu alinieleza baadaye.

"Ndugu yangu, mama yangu ana miaka sabini."

"Mashaallah," mdogo wangu akamjibu. "Mwenyezi Mungu amzidishie."

Hakuona kabisa kwa nini yule mtu alizidi kuhangaika.

Kwa wasiotujua, inabidi nieleze tulifikaje mlangoni pale. Sisi ni watu wa Amerat, upande wa pili wa milima. Wazee wetu walirudi kutoka Unguja wakiwa vijana, wakatuzaa hapa, wakatuachia Kiswahili chao pamoja na nyumba isiyokwisha kujengwa. Walifariki pamoja, katika ajali ya gari kwenye ile barabara ya mlimani, nami nilikuwa bado msichana wa skuli. Sikurudi skuli. Mdogo wangu alikuwa hajui kufunga kamba za viatu, na kitindamimba alikuwa hajaanza kusema. Mamkubwa alituletea chakula na kutupa maneno makali, vyote tulivihitaji, lakini nyumba niliishika mimi. Nilipopata umri nikatafuta leseni, kisha basi dogo, nikawa nachukua wanawake wa mtaa wetu, walimu na makarani, kuwavusha mlima asubuhi na kuwarudisha mchana. Kazi hiyo ninayo hadi leo.

Kati ya kuwashusha na kuwarudisha nina saa nyingi zisizo na mwenyewe. Nilikuwa nikizipitisha kwenye bustani ndogo nyuma ya maduka ya Madinat Sultan Qaboos, chini ya mwarobaini, na chupa yangu ya chai. Hapo ndipo nilipomwona Mwalimu mara ya kwanza. Alisimama kwenye majani akiisogeza mikono polepole mno, akageuka, akainua goti, akalishusha. Nilidhani anafukuza nzi kwa heshima. Wasichana wa kazi waliopita na watoto wa watu kwenye vigari walikuwa wakicheka wakiziba midomo, nami sikuwa bora kuliko wao. Nilicheka kwa sauti.

Alinisikia. Akaniita kwa kile Kiarabu cha dukani ambacho wageni wote wa nchi hii hukiokota, kisicho na sarufi wala aibu.

"Taal. Imsik." Njoo. Shika. Akaninyooshea kifundo cha mkono.

Mimi si mwanamke mdogo. Nabadilisha tairi la basi peke yangu. Nikamshika, kwa huruma, maana kifundo chenyewe kilikuwa kama cha kuku. Hakukivuta wala hakupigana nami. Alikizungusha kidogo, mfano wa mtu anayechomoa uzi kwenye nguo asiutie fundo, na mara nikajikuta nimesimama kwa ncha za vidole vya miguu, bega langu limetangulia, mwili mzima unafuata nyuma yake kama mkokoteni. Kisha akanirudisha chini taratibu, asiniumize.

"Mafi quwa," akaniambia. Hakuna nguvu. Alimaanisha nisitumie nguvu. Neno hilo niliambiwa mara nyingi kuliko jina langu.

Kesho yake nilirudi, na keshokutwa, na miaka ikapita. Sikumlipa kitu wala hakutaka. Nilimletea tende na maembe ya msimu. Yeye aliniletea maji ya moto matupu, ndiyo anayokunywa, na kuniona mimi mjinga kwa kupenda ya baridi. Aliniwekea miguu sawa kwa kuipiga na ncha ya kiatu chake. Alinifundisha kuanza na mwendo uitwao mlinzi anayetwanga kinu: ngumi inapanda, goti linapanda, kisha vyote vinashuka pamoja, mguu ardhini, ngumi kwenye kiganja. Nilipomwonyesha Mamkubwa nyumbani, alitazama mpaka mwisho akasema, "Mimi nimetwanga tangu mtoto na sikuambiwa ni vita."

Siku za mapumziko mwanawe alikuja bustanini akaketi nasi, na kupitia kwake nikasikia khabari za kule ilikotoka kazi hii, taichi. Yeye alisema kwa Kiarabu chake cha kazini, mama yake akimkatiza kila mara na kunyanyuka kuonyesha kwa mikono.

Walisema watu wengi wanapenda kisa cha mtawa wa milimani aliyewaona ndege na nyoka wakipigana, ndege akidonoa na nyoka akijikunja, akajifunza kwao. Mwalimu alikicheka kisa hicho. "Kila mtu anataka babu aliyeishi mawinguni," mwanawe akatafsiri. Wao, kwa yale waliyopokea, walisema ilianza kijijini, mkoa wa Henan, kwa ukoo mmoja wa wakulima. Babu wa ukoo alikuwa askari zamani za vita vya kubadilisha wafalme. Vita vilipokwisha alirudi shambani na mwili unaojua kuua na ardhi inayotaka kulimwa. Akachukua ngumi za majeshi, akazichanganya na elimu ya kupumua na elimu ya tabibu juu ya njia za nguvu mwilini, akatengeneza kitu chake, akawafundisha wanawe. Waliokuja baada yake walikuwa na mikuki na mapanga, wakalinda misafara ya wafanyabiashara njiani dhidi ya wanyang'anyi. Ule upole ninaouona, Mwalimu alisema, haukuwekwa ili wazee walale vizuri. Uliwekwa kwa sababu mtu anayekaza misuli hasikii mwenzake anataka kufanya nini.

Kwa muda mrefu hawakumfundisha mtu asiyekuwa wa ukoo. Kisha akatokea kijana mgeni, maskini, aliyeingia kijijini kufanya kazi katika nyumba ya mmoja wa wakubwa wao. Wengine wanasema alichungulia ukutani wenyeji wakifanya mazoezi, wengine wanasema si kweli, aliomba na kukubaliwa. Kwa vyovyote, alifunguliwa mlango. Huyo ndiye aliyeipeleka mji mkuu, akawafundisha watu wa kasri na walinzi wao, na wanawe baada yake wakailainisha zaidi, wakaondoa kuruka na kupiga miguu chini, ili hata mtu wa joho refu aiweze. Kila aliyejifunza akafungua nyumba yake: huyu ana mwendo mdogo, yule ana mwendo mpana. Baadaye tena serikali ikaifupisha ili watu waifanye bustanini kabla ya kazi, ikaenea dunia nzima, na dunia ikadhani ni mazoezi ya viungo tu.

"Watu wamepokea ganda," Mwalimu alisema. "Si vibaya. Ganda nalo lina dawa."

Nikamwonyesha kwenye simu mdogo wangu wa kiume akicheza razha arusini, wanaume safu mbili, ngoma, yeye akirusha upanga juu ukimetameta na kuudaka kwa mpini. Mwalimu aliutazama mkanda ule tena na tena. Akataka nimpigie aliyerusha. Nikampigia, akiwa ofisini.

"Muulize," Mwalimu akamwambia mwanawe, "upanga ukishuka, unakata wapi?"

"Haukati," mdogo wangu akajibu. "Unadakwa. Ukikosa kuudaka, hapo ndipo unakata, na unakukata wewe."

Mwalimu akafurahi sana. "Basi na nyinyi vilevile," akasema. Nyumba zetu mbili, yao na yetu, zilikuwa zimegeuza vita kuwa furaha na kusahau baadhi ya mambo njiani. Tangu siku hiyo kila akiniona alimsalimia mdogo wangu, mtu ambaye hajamwona kwa macho.

Niliyofundishwa bustanini ilikuwa nusu ya kwanza. Hiyo humpa yeyote anayekuja. Nusu ya pili ni ya haraka, ina kuruka na kurusha ngumi, na pamoja nayo kuna kusukumana mikono kwa watu wawili na maelezo ya kila mwendo: huku kugeuka unakokuona ni pambo, ni kuvunja kiwiko, huku kufuta goti ni kuutupa mguu wa aliyekupiga teke. Hiyo kwao hupewa aliyeingia mlangoni tu, yaani aliyekubaliwa kuwa mwanafunzi wa nyumba. Mwanawe hakuitaka tangu utotoni. Alipenda madaraja.

Ikafika asubuhi moja Mwalimu akaniambia wanaondoka. Mkataba wa mwanawe unakwisha, wanarudi kwao moja kwa moja. Kabla hajaondoka anataka kuniingiza mlangoni. Mwanawe akaeleza inavyokuwa: mwalimu huketi kwenye kiti, picha ya mwalimu wake nyuma yake, mwanafunzi hupiga magoti, huinamisha kichwa hadi chini, kwa picha na kwa mwalimu, kisha humpa mwalimu chai kwa mikono miwili. Mwalimu akiinywa, imekwisha.

Nilimwambia siwezi. Kichwa changu hakishuki chini ila kwa aliyekiumba. Nilisema kwa adabu, lakini nilisema mara moja, ili asipate tabu ya kunibembeleza.

Hakukasirika. "Zen," akasema, sawa, akasimama, tukaendelea na mazoezi. Lakini nilipokwenda kuwachukua abiria wangu niliikosa njia ninayoipita kila siku.

Ijumaa, kama kawaida, sote tulikuwa kwangu kwa chakula cha mchana. Kitindamimba alikuja kutoka Hail anakokaa na mumewe, Mamkubwa yuko kichwani mwa sufra. Nikawaeleza, kwa ufupi, kama mtu anayeeleza khabari za jirani.

"Umesema vizuri, Dada," mdogo wangu wa kiume akasema. "Mtu hasujudu ila kwa Mola wake. Basi imekwisha hiyo."

"Haikwisha," akasema Mamkubwa. "Nani aliyekwenda kusema naye?"

"Mimi mwenyewe."

"Ndiyo makosa hayo. Nna miaka themanini kasoro, sijapata kuona mtu anakwenda kujiposea mwenyewe."

"Mamkubwa, si ndoa."

"Nani kasema ndoa? Unataka kuingia nyumba ya watu, unataka siri ya wazee wao, unakwenda peke yako na funguo za basi mkononi, huna mtu nyuma yako, huna hata kipande cha halua. Watakuonaje? Watakuona huna kwenu."

"Na mahari atatoa nani?" kitindamimba akauliza.

"Nyamaza wewe, kula."

Mdogo wangu alitikisa kichwa. "Tukienda na sinia wataniinamisha mimi pia. Jambo lenyewe halifai, Mamkubwa. Halua haibadilishi kitu."

Kitindamimba akaacha kutania. Alimtazama kaka yake akamuuliza, "Tangu lini Dada ametaka kitu?"

Mdogo wangu aliuchambua mfupa wa samaki kwa muda mrefu, ingawa ulikuwa umekwisha kuwa mweupe. Mimi niliona haya, nikaamka kufuata maji. Ukweli ni kwamba nilitaka. Nilitaka ile nusu ya pili kuliko nilivyowahi kutaka kitu tangu ujana, na nilikuwa nimekwisha kubali kuikosa.

"Siku ya Alkhamisi alasiri," Mamkubwa akasema nyuma yangu. "Na wewe utavaa kilemba."

Ndivyo tulivyofika.

Mwanawe Mwalimu alitukaribisha ndani kwa wasiwasi. Ukumbi ulikuwa umepangwa. Kumbe Mwalimu, nilipompelekea ujumbe kwamba watu wangu wanakuja, alifahamu nimekubali. Kiti kimoja cha mbao kilikuwa katikati, mbele yake mto mwekundu wa kupigia magoti, nyuma yake meza ndogo yenye picha ya mzee mwembamba, na mbele ya picha vijiti vya ubani vinafuka moshi. Mwalimu alikuwa amevaa koti la hariri nyeusi nisilolijua. Alikuwa mzuri.

Mdogo wangu aliiona picha, akauona mto. "Dada, twende zetu," akaniambia kwa Kiswahili, polepole.

Nami nilikwisha geuka nusu. Sikuwa na hasira na mtu. Nilikuwa natafuta namna ya kumuaga Mwalimu pasipo kumvunjia siku yake.

"Mwende wapi?" Mamkubwa akasema. "Tumeingia sasa hivi. Na wao wanafukiza, waona? Ila wao udi wao mwembamba."

Akapita katikati yetu, akakitazama kile kiti kimoja, akayatazama makochi ya pembeni, asivipende vyote. Miguu yake huvimba akiketi juu. Akauliza wapi atakaa mtu mzima hapa, akakunja buibui lake, akashuka mwenyewe kwenye zulia, mgongo kwenye kochi, miguu kwa upande. Akapiga zulia kwa kiganja. Kitindamimba akatandika sufra mbele yake, akaweka halua, akaweka tende, akatoa kwenye kikapu dele la kahawa na finjani.

Sasa mgeni mkubwa kuliko wote nyumbani alikuwa chini, na mwenyeji amesimama. Mwalimu alimtazama Mamkubwa. Alikitazama kiti. Kwao pia, nadhani, si adabu kumkalia juu mtu aliyekuzidi umri. Akakizunguka kile kiti, akaja akaketi kwenye zulia ubavuni mwa Mamkubwa, miguu ameikunja vizuri kuliko sisi sote. Mwanawe akaketi. Mdogo wangu, na kilemba chake, akaketi karibu na mlango.

"Mnasubiri nini? Mimina kahawa," Mamkubwa akaniambia.

Nikamimina. Watu wakiwa chini, kahawa haimiminwi kwa kusimama. Unakwenda kwa magoti, dele mkono wa kushoto, finjani mkono wa kulia, mmoja baada ya mwingine. Nimefanya hivyo tangu nilipoweza kubeba dele, kwa wajomba, kwa majirani, matangani na arusini. Nikaanza na Mamkubwa, kwa umri. Yeye akausukuma mkono wangu kwa Mwalimu. "Mwenye nyumba kwanza."

Nikageuka kwa magoti, nikamimina, nikampa. Mwalimu alipokea kwa mikono miwili. Hakunywa mara moja. Alinitazama, kisha alisema maneno machache kwa lugha yake, akanywa finjani yote bila kupumzika, kahawa chungu yenye iliki, yeye asiyekunywa ila maji. Uso wote ulimkunjamana.

"Amesema nini?" mdogo wangu akauliza.

"Amesema imekwisha."

"Imekwisha nini?"

"Amekunywa. Dada yako amempa kwa magoti, mama amekunywa. Ameingia mlangoni."

Mdogo wangu akanyanyua mgongo. "Lakini hakuinama. Na ile picha?"

Mhandisi akamuuliza mama yake. Mwalimu aligeuka akaitazama picha ya mwalimu wake, aliyekuwa pia baba mkwe wake, akajibu huku akijipangusa ulimi na leso.

"Anasema huyo wa kwenye picha amekufa, hawezi kunywa kahawa. Na anasema, kama ni hii, ana bahati."

Kitindamimba ndiye aliyeanza kucheka. Mamkubwa akauliza kuna nini, akaelezwa, akacheka mpaka akamshika Mwalimu bega. Ndipo mhandisi, labda kwa kuondokewa na hofu, akamweleza mama yake alivyodhani mlangoni: kwamba bwana mwenye kilemba amekuja kumposa yeye. Mwalimu alimtazama mdogo wangu kuanzia kilemba hadi soksi, akasema jambo.

"Anasema umechelewa. Lakini kilemba kizuri."

Mdogo wangu aliona haya kama mtoto, naye akacheka.

Mwalimu akasema posa si kosa. Yeye mwenyewe aliingia kwa posa. Hakuzaliwa katika ukoo ule; aliolewa humo. Zamani wazee wao waliona binti akifundishwa ataondoka na siri kwenda kwa mumewe, lakini mke wa mwana atabaki nayo ndani, na baba mkwe wake alikuwa mtu wa zamani. Mumewe hakuwa na mikono ya kazi ile. Yeye alikuwa nayo. Akafundishwa uani, kati ya kuku na mahindi, na yule mzee wa kwenye picha.

Kisha akawa mzito kidogo, akataka mwanawe atafsiri kila neno, na mdogo wangu anitafsirie tena pale Kiarabu kitakapopinda. Akasema anayeingia mlangoni anaingia na deni. Si deni la kumshukuru mwalimu, wala la zawadi, wala la kumzika. Mzee alimwambia, kama yule kijana mgeni wa zamani asingefunguliwa mlango, wao leo wangekuwa kijiji kimoja kinachopigana chenyewe kwa chenyewe. Kwa hiyo katika nyumba yao kila anayepewa yote anadaiwa mtu wa nje mmoja. Awe si wa damu yako, si wa ndoa yako. Umpe yote, nusu zote mbili, usibakishe mwendo hata mmoja kwa kuogopa kuzidiwa. Yeye deni lake amelibeba kwa muda mrefu, na alikuwa ameanza kuogopa kwamba atakufa nalo.

"Anasema wewe ndiye mtu wake wa nje," mdogo wangu akanitafsiria. "Kuanzia kesho anakulipa."

Alinilipa kweli. Wiki zilizobaki tulikutana kila siku, mara nyingine ukumbini kwake kwa sababu ya joto, viti vimesukumwa ukutani. Niliona yale niliyoyafanya miaka yote kama dua isiyotafsiriwa yakifunguka moja moja. Alinionyesha kila mwendo unamuumiza nani na vipi, kisha alinionyesha pa kusimama kabla ya kuumiza. Alinichosha hadi nikawa navuka mlima polepole kuliko malori, abiria wangu wakiuliza, "Dada, kuna nini leo?" Akaondoka na mwanawe na masanduku, na kwenye sanduku moja alitia dele ambalo Mamkubwa alimwachia.

Sasa deni liko kwangu, na si jepesi kama nilivyodhani. Tangu mama na baba wafariki kila nilichokuwa nacho nimekitoa, lakini nimemtolea nani? Damu yangu. Sijui kutoa kwingine. Watoto wa kitindamimba wameomba niwafundishe, nami nawafundisha, lakini hawahesabiki. Mdogo wangu naye huja asubuhi kabla ya kazi, anafanya nusu ya kwanza kwa ukali kama razha, nami namwambia asitumie nguvu. Hahesabiki. Mamkubwa alidai yeye ndiye mtu wa nje.

"Mimi si damu yako. Nimeolewa na ami yako, na ami yako kafa. Nna haki."

Nikampigia Mwalimu, mwanawe akatafsiri. Jibu lilirudi kwa swali: huyo bibi anakula kwako?

"Kila Ijumaa," nikasema.

"Basi si mtu wa nje."

Mamkubwa hakuridhika; anasema atakata rufaa.

Abiria wangu wawili walijaribu wakaacha; mmoja alihamishwa kazi, mwingine alisema watu wanamtazama. Sasa yuko msichana kutoka Uganda anayefanya kazi katika nyumba ya jirani na ile bustani. Ana ruhusa ya kutoka Ijumaa asubuhi tu. Mara ya kwanza alikuja kucheka, kama mimi, na Kiswahili chake cha bara ambacho kwangu husikika kama mtu anayekimbia.

"Mama, hii kitu ni ya kupigana ama ni ya kulala?"

"Shika mkono wangu," nikamwambia.

Hajaacha kuja tangu siku hiyo. Ana miguu mizuri na hana subira. Husahau viwiko. Akikosea hujitukana mwenyewe kwa lugha ya kwao, akirekebisha huimba. Ni Mkristo, kabla ya kuanza hufanya ishara yake, nami hungoja amalize. Nusu ya kwanza sasa anaijua, si kwa uzuri, lakini anaijua.

Ijumaa iliyopita alijipangusa jasho akaniuliza, "Na ile ingine, Mama? Ile ya ngumi. Unanificha?"

Nikamwambia simfichi. Lakini mkataba wake unakwisha kabla ya Ramadhani, na hajui kama waajiri wake watamweka au watamrudisha. Nimehesabu Ijumaa zilizobaki na hazitoshi, nimehesabu tena na hazitoshi. Nimepanga niende nikamuombe bibi wa nyumba ile ampe asubuhi nyingine katikati ya wiki. Sijui atanisikiliza vipi. Mimi kwake ni dereva tu anayeegesha basi nje ya ukuta wake. Nitakwenda hata hivyo. Ile nusu ya pili bado ninayo mikononi, nzima, na si yangu.